Kinda wa kasuku asinyimwe uji ili alazimike kula

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nijibu ushauri uliotolewa hivi karibuni katika safu ya wafugaji ya gazeti lako. Msomaji mmoja aliuliza afanye nini na kinda wake wa kasuku wa kijivu ambaye amekwisha kupita miezi mitatu na bado anadai kulishwa uji kwa bomba la sirinji. Jibu lililochapishwa lilikuwa kwamba kinda huyo amedekezwa, kwamba uji ukatwe mara moja, awekewe mbegu na maji tunduni, na kwamba baada ya siku mbili njaa yenyewe itamfundisha kula. Kwa heshima zote kwa aliyeandika, ushauri huo ni wa hatari, na msomaji akiufuata kama ulivyo anaweza kumkuta ndege wake amekufa ndani ya tundu lililojaa chakula.

Nasema hivyo kutokana na kazi ninayoifanya. Nimezaliwa Unguja na ninaishi Maskati, ambako kwa miaka kadhaa nimekuwa msaidizi katika zahanati inayotibu ndege wa nyumbani. Kasuku wa kijivu, yule mwenye mkia mwekundu, anapendwa sana hapa, na familia nyingi zenye asili ya Unguja na Pemba zinamfuga. Anafundishwa kutoa salamu, anapewa jina, na anakaa sebuleni pamoja na watu wa nyumba. Swali la kinda anayechelewa kuacha uji ndilo ninaloulizwa kuliko yote, na ninaulizwa kwa Kiswahili karibu sawa na ninavyoulizwa kwa Kiarabu.

Kosa la msingi katika ushauri ule ni kudhani kwamba kinda anajua kula ila hataki. Hajui. Kula chakula kigumu ni ustadi wenye hatua nyingi: ndege anapaswa kutambua kwamba kilichomo bakulini ni chakula, akishike kwa mguu au kwa ncha ya mdomo, akigeuze kwa ulimi, akivunje, atenganishe ganda na kiini, kisha ameze bila mkono wa mtu kumsukumia. Kinda aliyelelewa kwa bomba tangu macho yake hayajafunguka hajawahi kufanya hata moja kati ya hayo. Kwake yeye chakula ni kitu cha uvuguvugu kinachoingia kooni anapotikisa kichwa mbele ya binadamu. Akishikwa na njaa hatalikimbilia bakuli la mbegu, kwa kuwa hajawahi kupata shibe kutoka humo. Atamkimbilia mtu, atakoroma na kulia, na kadiri njaa inavyozidi ndivyo atakavyozidi kuling'ang'ania lile bomba, kwa sababu ndiyo njia pekee ya kushiba anayoijua.

Isitoshe, mwili wake ni mdogo na akiba yake ni ndogo. Kinda asiyekula hupungua uzito upesi, hupoteza joto, gole lake, yaani ule mfuko wa shingoni unaopokea chakula, huanza kufanya kazi polepole, na maradhi yaliyokuwa yamejificha hupata mwanya. Ni kweli kwamba wapo wanaonusurika na kuanza kula, na hao ndio wanaotolewa ushahidi kwamba njia hiyo inafaa, wakati wale waliokufa hawaji kuhesabiwa na mtu. Hata miongoni mwa walionusurika, wengi niliowaona walibaki ndege wenye wasiwasi, wanaopiga kelele kila mtu anapotoka chumbani na wanaoshikilia aina moja ya mbegu bila kukubali kuonja kingine.

Yeyote aliyemlea kinda anaweza kulithibitisha jambo hili mwenyewe akimtazama baada ya kumlisha. Kinda mwenye njaa hana muda wa kitu chochote isipokuwa kulia. Akishiba hutulia, huanza kutembea, huokota uzi, hung'ata kidole cha mlezi, huonja kona ya meza, hugeuza punje ya mahindi mdomoni na kuidondosha. Hapo ndipo anapojifunza kula, na hapo ndipo chakula kigumu kinapopaswa kuwa karibu naye.

Msituni mambo huenda hivyohivyo. Kasuku wa kijivu anaishi katika misitu inayoanzia Afrika Magharibi, kupitia bonde la Kongo, hadi Uganda, kaskazini-magharibi mwa Tanzania na msitu wa Kakamega magharibi mwa Kenya. Hutaga katika mashimo ya miti mirefu, na makinda hukaa humo kwa muda wa takriban wiki 11 au 12 kabla ya kuruka kwa mara ya kwanza. Siku ya kuruka si siku ya kuachishwa. Wazazi huendelea kuwalisha kwa kuwacheulia wakati makinda wakifuatana nao, wakiona mzazi anakwenda kwenye mti gani, anavunja tunda lipi, anavuaje nyama ya tunda la mchikichi kutoka kwenye kokwa. Hakuna mzazi anayemfungia kinda mdomo kwa kuwa amefikisha tarehe fulani, kama ambavyo mama hamwachishi mwanawe ziwa kabla hajamzoeza uji na wali uliopondwa.

Umri unaotajwa katika maelekezo ya ufugaji una faida yake, lakini ni makadirio. Kasuku wadogo wa kijani wenye mdomo mwekundu, jamii ya wale wa Serengeti, kwa kawaida huacha uji wakiwa na wiki 6 hadi 8. Kasuku wa kijivu wengi huacha kati ya wiki 12 na 16, na si ajabu mmoja akachukua muda zaidi ilhali ndugu zake wa kiota kimoja wamekwisha kujitegemea. Kasuku wakubwa wa Amerika Kusini wenye mikia mirefu huhitaji miezi minne hadi sita, na pengine zaidi. Kwa hiyo kinda wa msomaji wako, aliyepita miezi mitatu tu, huenda hata hajachelewa.

Hata hivyo, sitaki kuwafariji wafugaji kupita kiasi, kwa sababu yapo makinda yanayochelewa kwa sababu ya ugonjwa, na kwa hao subira peke yake haitoshi. Kabla ya kufikiri juu ya bakuli na mbegu, mlezi ahakikishe mambo ya mwili. Gole linapaswa kuwa tupu kabisa angalau mara moja katika saa 24, kwa kawaida asubuhi kabla ya mlo wa kwanza. Likiwa bado na uji wa jana, uji huo utachacha, na ndege mwenye gole lililochacha hana hamu ya chakula kingine. Mdomo ukifunguliwa ukaonekana na utando mweupe, au pumzi ikawa na harufu ya kitu kilichoharibika, huenda kuna fangasi, maradhi ambayo huwapata sana makinda wanaolishwa kwa vifaa visivyooshwa vizuri au waliopewa dawa za viuavijasumu bila mpango. Kinyesi cha maji matupu, manyoya yaliyokaa kama yamelowa, kifua kilichochongoka hadi mfupa wa katikati ukaonekana kama makali, hizo zote ni dalili za kumpeleka kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Jambo la kuangaliwa pamoja na hayo ni joto la uji. Uji wa makinda unapaswa kuwa kati ya nyuzi joto 38 na 41 za Selsiasi, na kipimajoto kitumike, kwa kuwa kidole cha mtu mzima hakitambui tofauti ya nyuzi tatu. Ukiwa wa baridi, gole huchelewa kumwaga na kinda huukataa. Ukizidi nyuzi 43 unaweza kuliunguza gole, na jeraha lake halionekani mara moja. Baada ya siku kadhaa ngozi ya kifuani huwa nyeusi, hukauka, hatimaye hutoboka, na mlezi hushangaa kuona uji unavuja kwenye manyoya. Nimewaona ndege wa namna hiyo, na karibu kila mara uji ulikuwa umepashwa kwenye maikrowevu bila kukorogwa, ukawa vuguvugu juu na moto katikati.

Chombo cha lazima kuliko vyote ni mizani ya jikoni inayopima kwa gramu. Kinda apimwe kila asubuhi, gole likiwa tupu na baada ya kutoa kinyesi cha kwanza, na uzito uandikwe kwenye daftari. Kasuku wa kijivu mkubwa huwa na gramu 400 hadi 550 hivi. Karibu na wakati wa kuruka, kinda hupungua kiasi cha asilimia 10 ya uzito wake wa juu kabisa, na hilo ni la kawaida: mwili unakuwa mwepesi kwa ajili ya mabawa. Aliyefika gramu 450 akishuka hadi 405 na kusimama hapo, akiwa mchangamfu, hana tatizo. Akiendelea kushuka chini ya hapo siku hadi siku, milo iliyokatwa irudishwe na daktari aonwe. Bila mizani mtu hawezi kujua, kwa kuwa manyoya ya kasuku huficha kukonda mpaka hali inapokuwa mbaya. Nasikitika kwamba jibu lenu halikutaja mizani hata mara moja.

Nitoe mfano wa kinda mmoja aliyeletwa kwetu akiwa na umri wa miezi mitano, bado anakula uji tu. Alikuwa mzima wa afya. Tulipowauliza wenyewe namna anavyoishi, sababu zikajitokeza moja baada ya nyingine. Alikuwa akilishwa uji mwingi mara nne kwa siku, kama kinda wa wiki sita, hivyo hakuwahi kuwa na nafasi tumboni. Chakula pekee kilichowekwa tunduni kilikuwa mbegu kavu za alizeti, ambazo mdomo wake haukuwa umejifunza kuzivunja. Kikombe cha mbegu kilining'inizwa juu, nyuma ya kijiti, mahali ambapo kinda asiyesimama imara hawezi kufika. Manyoya ya mabawa yalikuwa yamekatwa na muuzaji kabla hajaruka hata mara moja. Na alikaa peke yake chumbani, hajawahi kuona kiumbe kingine kikila. Mtu angeweza kumwita mvivu au mdeke, lakini alikuwa hajapewa hata nafasi moja ya kujifunza.

Familia ile ilianza kwa kushusha kila kitu chini. Walitandika kitambaa safi sakafuni mwa tundu, wakaweka sahani pana isiyo na kina, na kijiti cha chini kabisa cha kusimamia. Walipunguza milo taratibu, wakianza na ule wa mchana, kwa kuwa mchana kinda yuko macho na anaweza kuijaribu sahani; mlo wa asubuhi ukafuata baada ya mizani kuonyesha kwamba uzito umetulia; na ule wa usiku ukabaki mpaka mwisho, ili ndege asilale na njaa. Kila mlo uliokatwa ulitanguliwa na siku kadhaa za kupunguzwa kiasi, huku gole likiguswa kabla ya kulala. Gole lenye chakula kigumu huhisiwa kwa vidole kuwa na madonge na punje, tofauti na lile lililojaa uji ambalo huwa laini, na hilo ni kipimo cha uhakika kuliko maganda yaliyotapakaa, maana kinda anaweza kupasua mbegu kutwa nzima kwa mchezo bila kumeza hata kiini kimoja.

Chakula cha kuanzia kiwe laini, chenye unyevu na joto la uvuguvugu, kwa sababu kinda anakifahamu kitu chenye joto. Kwa wenzetu wa Afrika Mashariki hili ni jepesi, kwa kuwa karibu kila kinachohitajika kiko sokoni. Mahindi mabichi yaliyochemshwa hupendwa na makinda wengi kuliko kitu kingine, na punje yake ni rahisi kushikwa. Viazi vitamu vya rangi ya machungwa, boga na karoti zilizochemshwa na kukatwa vipande vidogo humpa vitamini A, ambayo kasuku wanaolishwa mbegu za alizeti tu huikosa. Wali uliochanganywa na dengu au choroko zilizoiva, yai lililochemshwa likapondwa, papai, embe, tofaa lililotolewa mbegu, majani ya sukuma wiki yaliyokatwakatwa, vyote vinafaa. Choroko zilizoloweshwa zikachipua kidogo, na kuoshwa vizuri kila baada ya saa chache, huwavutia sana. Chembechembe za chakula cha kasuku zinazotengenezwa kiwandani, kama zinapatikana, ziloweshwe kwa maji ya vuguvugu mpaka ziwe laini. Shuke zima la uwele likining'inizwa karibu na sakafu humfundisha kinda kudonoa na kupasua, kwa kuwa punje zake ni ndogo na zimeshikamana pamoja.

Vipande vichovywe kwenye uji anaouzoea, kisha apewe kwa vidole mara tu baada ya kupata sehemu ya mlo wake, si wakati amejawa na njaa wala wakati gole limejaa kabisa. Atavitafuna na kuvitema. Atavitupa. Sakafu itachafuka, na mlezi asikasirike wala asiondoe sahani. Uji wenyewe unaweza kufanywa mzito kidogo kidogo, ukatolewa kwa kijiko kilichokunjwa kingo badala ya bomba, ili kinda aanze kutumia ulimi wake. Hapa Maskati wakati wa kiangazi, na hata Dar es Salaam na Mombasa siku za joto, chakula chenye unyevu kikikaa sahanini zaidi ya saa mbili au tatu huanza kuharibika. Ni bora kuweka kidogo mara nyingi. Maji yawe katika bakuli la kina kifupi.

Vipo vyakula vya kuepukwa kabisa. Parachichi, ambalo kwetu ni tunda la kila nyumba, ni sumu kwa kasuku. Chokoleti, kahawa, pombe na vyakula vya chumvi nyingi havifai. Karanga nisizojua zilikohifadhiwa mimi siwapi ndege, kwa sababu ya kuvu. Tunakumbuka jinsi sumukuvu katika mahindi ilivyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004. Ini la ndege mdogo linadhurika kwa kiasi kidogo zaidi cha sumu hiyohiyo. Mahindi na karanga zenye madoa au harufu ya unyevu zisiwekwe tunduni kwa kisingizio kwamba ni za ndege. Niongeze kwamba kasuku wa kijivu, kuliko kasuku wengine wengi, huelekea kupungukiwa na kalsiamu katika damu kiasi cha kutetemeka na hata kupata degedege, hivyo majani ya kijani na mwanga wa jua la asubuhi, ndege akiwa na kivuli cha kukimbilia, ni sehemu ya malezi haya.

Kuna mambo mawili ambayo si chakula lakini yanaharakisha kuacha uji kuliko chakula chenyewe. La kwanza ni mwenza wa kuiga. Kasuku mkubwa mwenye afya akila kwenye tundu la jirani, kinda humtazama na baada ya muda hujaribu. Asipokuwepo, watu wenyewe wakae naye wakati wa kula, wachukue punje ya mahindi, waitafune mbele yake kwa kuonyesha wazi wanavyoifurahia, kisha wampe nyingine. Tumewaona makinda waliokataa kila kitu wakikubali kwa mara ya kwanza chakula walichokiona kikiingia kinywani mwa mtoto wa nyumba ile. La pili ni kuruka. Kinda aruhusiwe kujifunza kuruka ndani ya chumba salama, madirisha yakiwa yamefungwa na feni imezimwa, kabla mtu yeyote hajafikiria kumkata mabawa. Ndege aliyejifunza kuruka husimama imara, huthubutu, huchunguza, na ujasiri huo huonekana pia kwenye sahani. Anayekatwa mabawa kabla ya hapo hubaki na tabia za kitoto kwa muda mrefu.

Namna hii ya kumlikiza kinda kwa kumzungushia chakula tele huku akiendelea kulishwa si uvumbuzi wangu wala wa zahanati yetu. Phoebe Greene Linden, mfugaji wa California, ni miongoni mwa walioieleza na kuitetea, na leo wafugaji makini wa nchi nyingi wanaifuata. Aliyekulia pwani ataiona kuwa ya kawaida kabisa.

Jambo moja ambalo ni rahisi kulifanya vibaya ni kumlisha kwa nguvu. Kadiri kinda anavyokaribia kuacha uji, zipo siku atakapougeuzia uso. Mlezi aliyeingiwa na hofu humshika kichwa na kumsukumia bomba, na uji huingia kwenye njia ya hewa badala ya koo. Nimonia inayotokana na hilo huua upesi, na kwa kinda mkubwa anayepigana ndipo hutokea zaidi. Asiyetikisa kichwa na kupokea mwenyewe asilazimishwe; apewe chakula laini cha vuguvugu kwa vidole, asubiriwe saa moja au mbili, ajaribiwe tena, na mizani iamue kama kuna haja ya daktari.

Ipo pia hali ya kurudi nyuma. Kinda aliyekwisha kuacha uji akihamishiwa nyumba mpya, au akiugua, anaweza kuanza tena kulia na kutikisa kichwa kama mdogo. Apewe uji kidogo jioni kwa siku chache bila kukemewa. Mara nyingi huacha mwenyewe mara anapozoea mahali.

Hapa nafika kwenye sehemu inayoniuma zaidi, Ndugu Mhariri, na ambayo ningependa gazeti lako lilitilie nguvu. Makinda wengi wanaochelewa huwa wameuzwa kabla ya kuachishwa. Muuzaji humkabidhi mnunuzi ndege wa wiki saba au nane, bomba, na mfuko wa unga, kwa bei iliyopunguzwa kidogo, akimwambia kwamba ukimlisha mwenyewe ndipo atakapokupenda. Maneno hayo si ya kweli. Kasuku humpenda anayekaa naye, anayezungumza naye na asiyemtisha, na ndege aliyeachishwa vizuri na mfugaji mwenye ujuzi hujenga mapenzi hayo nyumbani kwa mwenyewe bila shida. Faida ya kuuza mapema ni ya muuzaji peke yake: huepuka wiki nyingi za kazi na za kununua unga, na hatari ya kuunguza gole au kujaza mapafu humwachia mtu ambaye hajawahi kushika bomba. Jimbo la California nchini Marekani limeweka sheria ya kuwazuia wauzaji wa wanyama kuuza ndege ambaye bado hajaachishwa. Sioni kwa nini nchi za Ghuba, na nchi zetu za Afrika Mashariki, zisiweke kanuni ya namna hiyo, hasa kwa kuwa utekelezaji wake hauhitaji zaidi ya kumwekea ndege sahani mbele ya mkaguzi na kuangalia daftari la uzito wake.

Kwa wasomaji walioko Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo kuna jambo zito zaidi. Mwaka 2016, katika mkutano wa Johannesburg, nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zilipiga kura kumhamishia kasuku wa kijivu katika Kiambatisho cha Kwanza, yaani orodha ya wanaolindwa zaidi, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya ndege wa mwituni wa aina hii imepigwa marufuku. Wanaozalishwa kizimbani, kama wale wa Afrika Kusini ambayo kwa miaka mingi imekuwa msafirishaji wao mkubwa, huuzwa nje kwa masharti na hati. Kwa hiyo kinda asiye na pete mguuni wala hati, anayetembezwa ndani ya boksi mjini, kuna uwezekano mkubwa kwamba ametolewa katika shimo la mti msituni, na pengine ndugu zake walikufa njiani. Asinunuliwe hata kwa kumwonea huruma, maana fedha hiyo ndiyo inayomrudisha mtegaji msituni. Taarifa ipelekwe kwa mamlaka ya wanyamapori. Makinda wanaokamatwa huhitaji malezi haya haya niliyoyaeleza, na zipo taasisi zinazoyajua: kituo cha Lwiro katika Kivu ya Kusini, kinachofahamika zaidi kwa sokwe, hupokea pia kasuku, na kule Entebbe, Uganda, kituo cha elimu ya wanyamapori kimewatunza kasuku walionaswa wakisafirishwa kwa magendo.

Naomba basi, Ndugu Mhariri, ushauri uliochapishwa urekebishwe katika safu ileile na kwa ukubwa uleule, kwa sababu waliousoma ni wengi kuliko yule aliyeuliza. Na kwa muulizaji mwenyewe, ikiwa amekwisha kuukata uji, ninamsihi aurudishe leo usiku, mlo mmoja mdogo wa nyuzi 40, na kama ndege amedhoofika, kwanza amweke mahali penye joto mpaka achangamke. Kesho asubuhi ampime kabla ya kumlisha na aandike uzito huo. Gole likiwa halijamwaga, au ndege akiwa ameshuka sana, aende kwa daktari wa mifugo bila kusubiri kesho kutwa, na achukue pamoja naye ule mfuko wa unga na bomba analolitumia, kwa kuwa daktari atataka kuviona.

Wako,

Msaidizi wa zahanati ya ndege,
Maskati, Oman